Bampa la Shemeji

Ijumaa ilikuwa siku ya picha. Haruna akirudi kutoka msikitini hakuvua kanzu wala hakuulizia chakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye Noah iliyoegeshwa chini ya banda la makuti ubavuni mwa nyumba, akafungua lastiki nne, akalivua gari sketi yake, akaanza kupiga picha kwa simu: mbele, kulia, kushoto, nyuma. Nyuma alipiga tatu, maana bampa la nyuma ndilo lililokuwa likizua maneno.

Sketi hiyo aliishona Kidawa, mkewe, kwa blanketi kuukuu na kanga iliyokwisha kazi, ndani akatia kipande cha tyubu ya trekta. Ililifunika bampa lote la nyuma, ili wapakia mizigo wasilikwaruze na mbuzi wasijikunie hapo. Mitwero nzima ilikwisha kulicheka gari hilo. Watoto waliliita Bi Harusi. Haruna aliwaacha wacheke, akisema mwenye kutunza amana haoni haya.

Gari lilikuwa la Yasini, kaka yake Kidawa, aliyepelekwa masomoni India kwa mwaka mzima. "Litumie, shemeji," alisema siku ya kukabidhi funguo. "Ila nilikute kama nilivyoliacha." Mwingine angeyachukua maneno hayo kama kwaheri tu. Haruna aliyachukua kama kiapo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza ghala wa chama cha msingi cha korosho, na hakuna msimu hata mmoja uliopotea gunia mikononi mwake. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitu akutunzie, umempa ugonjwa.

Simu ikatoa mlio. Ilikuwa sauti ya Yasini, ya mtu mwenye haraka kidogo.

"Shemeji, ahsante sana. Picha nimeziona. Ile kona ya kulia, chini ya taa, kuna kitu cheupe. Ni mwanga au ni mkwaruzo? Hebu nipigie kwa karibu."

Haruna akapiga magoti mchangani na kanzu yake ya Ijumaa. Kilikuwa kinyesi cha ndege. Akakifuta kwa kitambaa kibichi, akapiga picha tena, akaituma.

Kidawa alikuwa mlangoni, upawa mkononi. "Kaka yangu angekuona unavyolipigia magoti gari lake, angeona haya."

"Hajaniona."

"Ndiyo maana anaendelea kuuliza. Njoo ule, baba Naima, wali unapoa."

Haruna akalivisha gari sketi yake kwanza, akavuta lastiki moja moja kuhakikisha zimekaza, ndipo akaenda kunawa. Barazani, kwenye kiti chake cha kamba, mama yake Haruna, Bi Mwanahawa, alikuwa amekaa akisikiliza yote. Macho yalikuwa yamemwishia lakini masikio yalikuwa mazima.

"Leo Ijumaa," alisema. "Bado Ijumaa ngapi mpaka mwenyewe arudi?"

"Nyingi kidogo, mama. Mpaka mwezi wa tisa."

Bi Mwanahawa akazihesabu kwa vidole kimyakimya. Vidole vikaisha, akaanza upya.

* * *

Alichotaka bibi huyo hakikuwa kikubwa. Alitaka kupelekwa Mchinga, kwenye minazi ya marehemu mumewe, akakae kidogo pembeni ya kaburi lake, asome dua, kisha arudishwe. Miguu ilikuwa imemkatalia mwaka wa tatu sasa. Bodaboda hawezi kuipanda, na basi dogo linamshusha mtu kwenye lami, kutoka hapo ni njia ya shamba, robo saa kwa mwenye miguu yake. Noah ilipoingia nyumbani kwao, bibi alipiga kigelegele kuwashinda wote. Haruna alimwahidi kwa mdomo wake mwenyewe: "Wiki ijayo, mama."

Wiki hiyo alikwenda peke yake kuitazama njia. Aliegesha kwenye lami, akashuka, akatembea hatua kumi. Vichaka vya miiba vilikuwa vimefunga kutoka pande zote mbili, vingine vimeshikana katikati. Akaunyoosha mkono, akauvuta mwiba mmoja, ukamchana kidole. Akakitazama kidole, akalitazama gari. Kisha akapanda, akageuza, akarudi Mitwero.

"Njia ya kule haipitiki," alimwambia mama yake.

"Baba yako alikuwa anapitaje?"

"Baba hakuwa na Noah, mama."

"Basi nishushe hapo kwenye lami. Nitatembea taratibu."

"Utatembeaje wewe? Subiri shemeji alichukue gari lake. Akishalichukua nitakodi gari lolote, hata liwe bovu, tutaingia mpaka kaburini."

Kwa hesabu za Haruna hilo lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, na bibi hakubisha. Mtu mzima akishaanza kutegemea wanawe hata maji ya kunawa, hujifunza kuomba jambo mara moja tu. Hakulitaja tena. Alichofanya ni kuulizia Ijumaa.

Siku moja ya mwezi wa saba, Haruna alikuwa ameivua sketi ili Kidawa aifue. Bi Mwanahawa alitoka uani na mkongojo wake, pumzi zikamwishia karibu na gari, akapapasa, akapata mahali pa kukaa. Akakaa. Palikuwa pazuri, pana ubaridi wa kivuli. Mkongojo akauegemeza pembeni yake.

"Mama!" Haruna alitoka ndani mbio. "Mama, hapo usikae."

"Hapa wapi?"

"Hapo ulipokaa. Ni kwenye bampa. Mkongojo utakwaruza rangi. Subiri nikuletee kiti."

Bibi akainuka bila kusubiri kiti, akayumba, akashika nguzo ya banda. Kisha akageuka, akachukua ncha ya kanga yake, akapafuta pale alipokuwa amekaa. Akapafuta vizuri, huku na huku, kwa mkono usioona.

"Pametakata?" aliuliza.

Haruna akasema ndiyo. Kidawa, aliyekuwa anaanika, akaweka nguo kwenye beseni, akaingia ndani, na siku hiyo hakusema na mumewe mpaka jioni.

Aliyesema ni Sixbert, ng'ambo ya njia. Sixbert alikuwa fundi mwashi mstaafu, Mngoni wa Songea, amekaa Mitwero miaka thelathini na bado anajiita mgeni ili asichangie mambo. Kwa Haruna, Mmwera, alikuwa mtani, na mtani hana mpaka. Sixbert alimwita Bi Mwanahawa mchumba wake tangu bibi akiwa na meno.

"Mtani!" alipaza sauti. "Gari lina matairi manne, mama yako ana miguu miwili. Jumla sita, na hakuna hata kimoja kinachokwenda popote!"

"Nyamaza, Mngoni. Mambo ya amana huyajui."

"Kweli siyajui. Sisi kwetu tulikuwa tunachukua tu." Kisha akamgeukia bibi. "Mchumba, njoo ukae kwangu. Mimi sina bampa."

Bi Mwanahawa akacheka mpaka akakohoa. "Huna bampa na mahari pia huna," alisema.

* * *

Homa ilimwanza Bi Mwanahawa Jumatatu moja ya mwezi wa nane. Walimpeleka hospitali, akapewa dawa, akarudi. Jumatano alfajiri, Kidawa alipompelekea maji ya udhu, alimkuta ameshatangulia.

Kufika saa tatu nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa ndani wakimwosha, wanaume nje juu ya mikeka. Kule Mchinga, Mzee Rehani, mdogo wake marehemu baba, alipiga simu. "Kaburi linachimbwa pembeni ya kaka. Watu wapo, wengine nimewapa mapanga. Nyinyi mleteni tu tumzike baada ya adhuhuri."

Haruna akasema inshallah, akakata, akapiga namba nyingine. Akamtafuta mwenye pikapu wa sokoni, akaambiwa imekwenda Nachingwea. Akamtafuta wa pili. Wa tatu akasema atafika saa nane. Alikuwa anazungumza kwenye simu akizungukazunguka, na kila mzunguko ulimpitisha mbele ya Noah. Watu juu ya mikeka walimtazama yeye, wakalitazama gari, wakatazama chini.

Sheikh Huseni, imamu wa msikiti wao, akamwita pembeni. Alikuwa mtu mpole asiyependa kumwaibisha mtu.

"Haruna, unatafuta nini, mwanangu?"

"Gari, sheikh. La kumpeleka mama."

"Na hili lililopo hapa?"

"Hili..." Haruna akalitazama gari. "Hili ni la watu, sheikh."

"Mwenyewe amekataza?"

Hakukataza. Yasini alikwisha kutuma ujumbe wa pole alfajiri hiyohiyo, mrefu, na ndani yake hakukuwa na neno gari. Haruna akatikisa kichwa.

"Basi," alisema sheikh, na akarudi kukaa.

Kidawa alitoka ndani, macho mekundu, mikono ingali na harufu ya karafuu maiti. Hakumwuliza mtu. Akaenda nyuma ya gari, akafungua lastiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Mama Naima, iache," Haruna alisema kwa sauti ya chini. "Iache tu hiyo, haizuii mlango."

"Mama hapandi gari lililovaa blanketi," alisema Kidawa. Akaikunja sketi, akaondoka nayo.

Viti vya nyuma vikakunjwa, mkeka ukatandikwa. Baada ya sala ya maiti jeneza likaletwa. Lilikuwa jeneza la msikiti, la mabomba ya chuma, miguu minne, limefunikwa kitambaa cha kijani, na juu yake kanga mbili za Bi Mwanahawa. Wanaume walikuwa wakipokezana mabegani na kusema La ilaha illallah, sauti ziko pamoja, nzito, na Haruna alikuwa mbele kushoto, kama inavyompasa mtoto wa kiume. Alikuwa na uchungu wa kweli. Hili lisemwe wazi, kwa sababu baadaye walikuwapo waliosema hakuwa nao.

Wakafika penye mlango wa nyuma. Wakalishusha jeneza kutoka mabegani, wakaliinamisha ili liingie. Miguu ya mbele ikavuka. Ya nyuma ikashuka mapema mno, chuma kikagusa plastiki.

"Angalieni bampa!"

Sauti ilikuwa ya Haruna. Ilikuwa ileile ya ghalani, ya kuwaamuru makuli, kali, ya mtu aliyezoea kutiiwa. Na makuli walitii: wabebaji wote walisimama pale walipo, La ilaha illallah ikakatika katikati, na Bi Mwanahawa akabaki nusu ndani nusu nje.

Mlangoni wanawake nao walikuwa wamesikia. Sheikh Huseni akaianza upya La ilaha illallah, peke yake, wengine wakamfuata, jeneza likasukumwa. Likakwaruza kwa sauti ndefu. Mlango ukafungwa.

* * *

Njia nzima Haruna aliendesha bila kugeuza shingo. Walioketi pembeni yake walisoma nyuradi. Kwenye lami ya Mchinga akakata kuingia shamba, akapita, akafika mpaka kwenye minazi, akazima gari. Ungemwuliza alipitaje, asingeweza kukueleza. Macho yake yalikuwa yanaona watu wakiwa wamesimama penye mlango wa nyuma, jeneza nusu ndani nusu nje.

Wakamzika. Udongo ukarudishwa, maji yakamwagwa, talakini ikasomwa. Watu walipoanza kujipangusa mikono, Sixbert akaanza kazi yake.

Kila mtu alijua ataanza. Msiba usio na mtani ni kama chakula kisicho na chumvi, na mwenye msiba hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, amejitoa mwenyewe kwa watu. Sixbert alivua shati lake, akalitandika juu ya bampa la Noah, akachukua jembe, akaliweka begani kama askari, akasimama hapo kifua wazi na nywele nyeupe kifuani.

"Rudi nyuma!" alimfokea mchimba kaburi aliyekuwa anapita na beleshi. "Zunguka kule! Huoni bampa limefiwa?"

Kicheko kikapita, kwanza kidogo, cha kujificha.

"Wenye majembe, kulia. Wenye mapanga, kushoto. Wenye mama zao wazee, wawaweke mbali, wasije wakakaa hapa!"

Hapo hata Mzee Rehani alifunika mdomo kwa kofia. Haruna alikuwa amesimama penye kichwa cha kaburi. Sixbert akaliacha gari, akaja mpaka kaburini, akachuchumaa. Sauti yake ikashuka, na utani wake ukawa karibu sana na kilio.

"Mchumba wangu. Umelala? Usiwe na wasiwasi. Wenzako wakikuuliza huko mwanao ni mtu wa namna gani, waambie mwaminifu. Mali ya watu hakuila. Waambie umeondoka, na bampa halina neno. Lina mkwaruzo mmoja tu, na huo umeuweka wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Angalau umekanyaga mahali."

Watu hawakucheka. Haruna alicheka. Kilitoka kicheko kimoja kifupi, kikavu, kikafuatwa na kingine, kisha akaketi chini kwenye udongo mpya, akalia kwa sauti mbele ya wanaume wote, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, bila kujifunika uso. Tangu alfajiri alikuwa hajalia. Sixbert akakaa pembeni yake, kifua wazi, akamshika bega.

"Ada yangu ni kuku mmoja, mtani," alisema. "Jogoo. Usiniletee tetea."

"Nitaleta," alisema Haruna.

* * *

Mkwaruzo ulikuwa na urefu wa kiganja na nusu, mweupe juu ya rangi ya fedha, karibu na ile kona ya kulia ambayo Yasini aliiulizia. Ijumaa iliyofuata Haruna hakupiga picha, na Yasini hakuuliza, maana msiba ulikuwa mpya. Ijumaa ya pili aliuliza kama wote hawajambo. Ijumaa ya tano akaandika kwamba amemaliza, tiketi anayo, na atafika Mitwero siku ya arobaini ya marehemu mama, asome hitima pamoja nao na kulichukua gari.

Kidawa alisoma ujumbe huo mara mbili. Alikuwa na aibu mbili, moja ya mume na nyingine ya kaka, na hakujua ipi aibebe mkono upi.

"Mpelekee Fidelis," alisema. "Jana nimepita gereji kwake nikamwuliza. Anasema mkwaruzo kama huo hauingii ndani, ni wa juu tu. Dakika ishirini kwa dawa yake ya kung'arisha, hatauona hata mwenye miwani."

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza. Sitaki kaka yangu aje hapa kwenye hitima ya mama akainame nyuma ya gari na tochi ya simu. Namjua. Atainama."

Haruna akaenda. Fidelis, fundi rangi, alilizunguka gari, akapitisha kidole, akasema maneno yaleyale ya dakika ishirini. Akamimina dawa kwenye kitambaa cha pamba. Akachuchumaa. Haruna alikuwa amesimama nyuma yake, akamwona mama yake, ncha ya kanga mkononi, akipafuta mahali hapohapo, huku na huku. Pametakata?

"Acha," alisema.

"Nini?"

"Acha, fundi. Usipafute."

Fidelis akamtazama kutoka chini. Alikuwa amekwisha kusikia habari za bampa, nani asiyesikia? Neno lile lilikuwa limefika sokoni kabla ya matanga kwisha, na vijana wa stendi walikuwa wakilitumia kila mzigo ulipopakiwa: Angalieni bampa! Haruna akipita walinyamaza, na kunyamaza huko kulimuuma kuliko kelele. Fidelis akakikunja kitambaa chake, akasema hata siku nyingine inawezekana.

Nyumbani Kidawa alilitazama gari lilivyorudi, akamtazama mumewe. Alikwenda sandukuni akaitoa ile sketi, akafungua mishono, akatenga blanketi upande mmoja na kanga upande wa pili. Mpira wa tyubu aliutupa.

* * *

Yasini alifika, akasoma hitima, akala pilau, akawapa watu mikono. Alikuwa amenenepa kidogo. Wageni walipopungua alikwenda bandani. Kidawa alimtazama kutoka dirishani, na kama alivyosema, aliinama.

"Shemeji," aliita Yasini. "Hapa pamepata nini?"

Haruna akaja akasimama pembeni yake. "Jeneza la mama," alisema. "Nilimpeleka Mchinga kwa gari lako. Mguu wa jeneza ulikwaruza."

Yasini akalowesha kidole gumba kwa mate, akapasugua. "Hii inatoka. Kuna dawa."

"Najua inatoka. Fidelis alikuwa ameshaishika dawa mkononi, nikamkataza. Nilitaka uione na unisikie mwenyewe, usije ukaambiwa barabarani. Wakati wanampakia nilipiga kelele waangalie bampa. Mbele ya watu wote. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho mama yangu akiwa juu ya ardhi ya kwetu. Sikutaka nimlipe mtu ayafute."

Yasini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyenunua gari lake la kwanza kwa mkopo, akiwa na miaka arobaini, na akaogopa. Aliondoa kidole chake penye bampa, akakifuta kwenye suruali, kisha akasema pole.

"Zile picha," aliongeza. "Ungeniambia, shemeji, kwamba nimezidi."

"Nami nilizidi."

"Kesho naondoka asubuhi. Mchinga ni njiani. Twende pamoja ukanionyeshe kaburi, nisome dua."

Asubuhi walikwenda wawili, Yasini kwenye usukani. Haruna alizungumza habari za bei ya korosho. Walipofika njia ya shamba Yasini alikata kona, akaingia kidogo tu, akasimama. Mbele yao njia ilikuwa nyeupe, pana, lori lingepita. Pande zote mbili vishina vya miiba vilikuwa vimekatwa usawa wa kifundo cha mguu, na vingine vilishaanza kuchipua majani madogo.

Haruna alikuwa hajaiona. Siku ile alipita hapa bila macho.

"Njia nzuri," alisema Yasini. "Mama alikuwa anakuja mara kwa mara?"

"Aliniomba nimlete. Aliomba mara moja."

"Ukamleta?"

"Hapana. Palikuwa na miiba mitupu, kichaka kimefunga. Niliogopea gari."

Yasini akautazama usukani. "Na nani aliifyeka?"

"Watu wa hapa. Mzee Rehani aliwapa mapanga, siku hiyo ya maziko."

"Ikawachukua muda gani?"

Haruna akaivuta ile simu ya Mzee Rehani kichwani. Ilikuwa saa tatu. Na jeneza lilipofika, wenye mapanga walikuwa wameshatawadha, wamekaa kivulini wanawasubiri.

"Asubuhi moja," alisema. "Haikufika hata adhuhuri."

Akafungua mlango, akashuka. Yasini akamwambia apande, gari linafika mpaka kaburini, lakini Haruna alimwambia atangulie. Mama alisema angeweza kutembea taratibu. Akaanza kutembea katikati ya ile njia nyeupe, kwa mwendo wa mtu mwenye mkongojo, akipumzika kila penye kivuli, ili ajue ingewachukua yeye na mama muda gani.